Mwalimu wa kwaya si mwalimu wa muziki

Mtaala mpya wa Tanzania ulipoanza kutumika Januari 2024, shule za msingi zilipata somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu, na upande wa sekondari mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, ukaipa nafasi sanaa bunifu, muziki ukiwemo. Wengine walianza kuuliza walimu watatoka wapi. Huku kwetu, kati ya Arusha na Moshi, swali hilo halijamkosesha mtu usingizi. Usharika mmoja una kwaya kuu, kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama; harusi na misiba husindikizwa na matarumbeta; parokia hazikosi mpiga kinanda; na pale Usa River, kando ya barabara kuu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinatoa shahada ya muziki. Kwa hiyo jibu ninalolisikia kwa wazazi na kwa baadhi ya walimu wakuu ni lile lile: mchukueni mwalimu wa kwaya, mpeni vipindi.

Jibu hilo nalipinga, tena nikiwa mwalimu wa kwaya kwa miaka kumi na moja. Kaskazini hatuna upungufu wa watu wanaojua muziki. Kinachopungua ni watu waliofunzwa kuufundisha darasani, mbele ya watoto sabini ambao hawakuchagua kuwepo pale, na ambao nusu yao wameshaambiwa nyumbani kwamba hawana sauti. Hiyo ni taaluma inayojitegemea. Haipatikani kwa kuimba miaka mingi, na hata chuoni haipatikani kwa nadharia pekee. Inapatikana shuleni, mwalimu tarajali akiwa amesimama mbele ya darasa na mkufunzi anayejua muziki akiwa amekaa dawati la nyuma akimtazama. Tukiukosa mnyororo huo, somo jipya litabaki jina kwenye ratiba.

Historia yetu ndiyo inayotuchanganya. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, Wakatoliki wakiwa wameshatangulia Kilema, walijenga shule na kanisa kwenye uwanja mmoja. Mtu aliyefundisha kusoma asubuhi ndiye mara nyingi aliyefundisha nyimbo jioni. Ilikuwa hivyo sehemu nyingi za Afrika. Mtunzi wa wimbo ambao tumeufanya wimbo wetu wa taifa, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya. Aliutunga mwaka 1897. Solfa, yaani ile do-re-mi anayoiimba mwanakwaya wa Machame leo, ilianzia Uingereza kwa mwalimu aitwaye Sarah Glover, ikaboreshwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na kusudi lake lilikuwa kumwezesha mtu asiye na kinanda kusoma muziki kwa herufi tu. Yaani ilizaliwa kama njia ya kufundishia umati. Kwetu imekuwa kama mali ya kwaya, lakini asili yake ni darasani.

Baadaye njia zikaachana. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule nyingi za misheni chini ya serikali, kwa sababu nzuri kabisa: mtoto wa Mwislamu na mtoto wa mganga wa jadi nao wapate elimu bila kubatizwa. Lakini muziki unaofundishwa kwa hatua, wenye nota na sauti nne, ulibaki upande wa kanisa. Shule ilibaki na nyimbo za mchakamchaka, za mstarini na za kumkaribisha mgeni rasmi. Serikali haikuusahau muziki: Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kilijulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa na michezo, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981 na sasa ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa ya miaka mingi. Lakini mkondo huo ulikuwa mwembamba kuliko nchi. Vizazi viwili hapa kaskazini vimekua vikiamini kwamba muziki hufundishwa Jumamosi alasiri kwenye mazoezi ya kwaya, na kwamba shuleni huwa tunaimba tu.

Wanaosema mwalimu wa kwaya anatosha wana hoja, na lazima isikilizwe hadi mwisho. Mwalimu wa kwaya ana sikio. Anaweza kuketi na karatasi ya solfa usiku, na kesho yake akawapa sauti ya tatu wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Ana uvumilivu wa kurudia mstari mmoja mara ishirini. Anajua kuwatuliza watu arobaini waliochoka. Zaidi ya hayo, yupo. Anaishi mtaa wa pili, na hahitaji kusubiri kibali cha ajira. Katika nchi inayohangaika na uhaba wa walimu hata wa hisabati, kumwacha mtu huyo nje ya geti kwa sababu hana cheti cha ualimu kunaonekana ubishi wa makaratasi. Mimi pia niliwahi kuona hivyo.

Mwaka 2016 shule moja ya msingi pembezoni mwa Moshi iliniomba niwafundishe darasa la nne kuimba, wiki mbili tu. Nilianzisha wimbo kama ninavyoanzisha kwaya. Safu mbili za mbele ziliitikia, katikati kukawa na mngurumo, nyuma kimya. Mvulana mmoja nikamwambia apige makofi badala ya kuimba, maana alikuwa akiwatoa wenzake kwenye sauti. Alipiga makofi wiki zote mbili bila kufungua mdomo. Nilichukua miaka kadhaa, na mafunzo niliyoyatafuta baadaye, kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu kuanzia nota ya kwanza.

Kosa lenyewe linaelezeka. Sauti ya mtoto wa miaka minane au tisa hukaa vizuri kuanzia nota ya D iliyo jirani na C ya katikati ya kinanda hadi D inayofuata juu yake. Mwanaume mzima akianzisha wimbo palipo pazuri kwa koo lake, anakuwa oktava nzima, yaani ngazi nane za nota, chini ya hapo. Watoto wachache wenye sikio lililozoea huhamisha wenyewe kwenda juu. Wengi hujaribu kumfuata mwalimu kule chini aliko, na kwa kuwa koo lao halina nota hizo, wananguruma. Kisha mwalimu anasema hawa hawana sauti. Mwalimu aliyefunzwa anajua kuanzisha kwa sauti nyembamba, au kumwomba mtoto mmoja mwenye sauti iliyokaa awape wenzake nota, au kupuliza filimbi. Anajua pia kwamba kati ya miaka kumi na miwili na kumi na mitano sauti ya mvulana inavunjika, kwamba aliyekuwa akiimba juu Machi anaweza kushindwa Septemba, na kwamba ukimlazimisha au ukimcheka mwezi huo unaweza usimsikie akiimba tena. Mambo haya hayamo kwenye kitabu cha nyimbo. Mwalimu wa kwaya hayajui kwa sababu hajawahi kuyahitaji: kwaya huchuja. Asiyeweza huondoka mwenyewe, au huwekwa pembeni kwa upole, na Jumapili inafika na wimbo umeiva. Darasani hakuna pembeni. Mtoto anayenguruma ndiye somo lenyewe.

Lipo jambo la pili ambalo huku kaskazini tunalinyamazia. Darasa la shule ya serikali Unga Limited au Pasua lina watoto wa KKKT (Walutheri), wa Katoliki, wa makanisa ya kiroho na Waislamu. Mwalimu ambaye nyimbo zake zote ni za kanisani atafundisha nusu ya darasa na kuiacha nusu nyingine ikitazama chini, au atamletea mwalimu mkuu ugomvi na wazazi. Na hasara haiko kwa wale wanaotazama chini tu. Mtoto anayesoma kaswida madrasani ana sikio la mapambo ya sauti ambalo mwanakwaya hana. Mtoto wa Monduli aliyekua akisimama kwenye duara la olaranyani, kiongozi wa nyimbo za Kimaasai, tayari anajua kushika sehemu yake kooni huku kiongozi akiimba kitu kingine juu yake, jambo ambalo kwaya nyingi za mjini hulitafuta kwa jasho. Mwalimu wa muziki hufunzwa kusikia hazina hizo na kuzipanga ziwe hatua za kujifunza. Zoltán Kodály wa Hungaria, ambaye njia yake ya kufundisha inatumia solfa na ishara za mikono zilizotokana na Curwen, alishikilia kwamba mtoto aanze na sauti chache anazozijua kutokana na michezo na nyimbo za kwao, aziimbe mpaka ziwe zake, alama za maandishi zije baadaye. Sisi hufanya kinyume: tunachora mistari mitano ubaoni siku ya kwanza.

Hoja ya vyombo naipitia upesi. Wapo wanaosema tusianze mpaka shule ziwe na vinanda na magitaa. Mwanachuo anayesomea ualimu wa muziki anahitaji kweli chombo kimoja cha kujifunzia uwiano wa sauti, na chuo kisichokuwa nacho kinamdhulumu. Lakini darasa la tatu linahitaji koo, viganja, ngoma moja, manyanga na mwalimu. Glover na Curwen walilijua hilo kabla babu zetu hawajazaliwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba mtoto wa maskini anahitaji hisabati na sayansi, muziki ni anasa ya shule za kimataifa. Shule ya kimataifa ya Moshi, ambayo sasa ni UWC East Africa, ina muziki, na hakuna anayewauliza wazazi wake kama watoto wao watafeli hisabati kwa sababu hiyo. Wanaopeleka watoto huko hawaamini kwamba kimoja kinakula kingine. Wanaoambiwa wachague ni wale wa shule zenye madawati matatu kwa watoto kumi na wawili. Lakini niseme pia kwamba watetezi wenzangu wa muziki hujibu vibaya hapa. Hukimbilia kusema muziki unaongeza akili, na hutaja utafiti wa Mozart. Utafiti huo ulichapishwa 1993 katika jarida la Nature. Ulihusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu, si watoto. Waliusikiliza muziki, hawakufundishwa. Na matokeo yake, kwenye aina moja ya maswali ya maumbo, yalidumu kama robo saa. Huwezi kujengea sera hapo. Muziki ufundishwe shuleni kwa sababu ni muziki: kwa sababu mtoto ana sauti na ana haki ya kujua inavyofanya kazi, kama alivyo na haki ya kujua moyo wake unavyosukuma damu.

Hoja nzito ni ya ajira, na sitaki kuipunguza uzito. Kijana wa Marangu akikuuliza kwa nini asomee muziki wakati serikali ikitangaza nafasi za walimu macho yote huenda kwenye fizikia, hisabati na masomo ya amali ya ufundi, utamjibu nini? Kwa kawaida mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili ya kufundishia. Mwenye Muziki na Kiswahili akiajiriwa, mara nyingi hupangiwa Kiswahili, kwa sababu shule aliyofikia haina Muziki kwenye ratiba. Shule haina Muziki kwa sababu haijawahi kuwa na mwalimu. Kwa kuwa haina somo, hakuna wanafunzi wa kidato cha nne waliolifanyia mtihani, na vyuo vinapokea wanachuo ambao hawajawahi kusoma nota hata moja. Mkufunzi anatumia mwaka wa kwanza kufundisha yale ambayo yangefundishwa darasa la tano, na miaka inaisha kabla hajafika kwenye kufundisha kufundisha. Mhitimu anatoka akiwa na cheti na hofu. Akipewa chaguo, atafundisha Kiswahili kwa hiari yake.

Ninachoona kinasahaulika ni kwamba mzunguko huo unafungwa wakati wa mafunzo kwa vitendo. Mwanachuo huandaa azimio la kazi na andalio la somo la muziki, anakwenda shule aliyopangiwa, anakuta hakuna somo hilo, anapewa vipindi vya Kiswahili au Uraia. Mkufunzi anayekuja kumkagua anaweza kuwa wa jiografia. Anatazama ubao ulivyopangwa, sauti inavyosikika, zana zilivyotumika, anajaza fomu, anaondoka. Hivyo mtu anaweza kuhitimu ualimu wa muziki bila kufundisha kipindi kimoja cha muziki mbele ya mtu anayeweza kumwambia, umeanzisha chini mno, rudia. Daktari hatuwezi kumkubali kwa utaratibu huo. Fundi magari wa gereji ya Majengo hawezi kumkubali mwanagenzi wake kwa utaratibu huo.

Wapo watakaosema mashindano yatatatua. Tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na fani za sanaa zimo. Kwenye hili, jirani zetu wa ng'ambo ya Namanga wanatupa funzo la bure. Kenya ina tamasha la muziki la mashule tangu 1927, na ni zuri kweli. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliufanya muziki ufundishwe na kutahiniwa shule ya msingi. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipouondoa kwenye mtihani, shule nyingi ziliacha kuufundisha, lakini tamasha liliendelea na vikombe viliendelea kugombaniwa. Kwaya ya shule inaweza kushinda taifa zima huku watoto wengine mia nane wa shule hiyo hiyo hawajui do iko wapi. Kikombe kinawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila mgeni anaamini shule ina muziki.

Ukikubali kwamba tatizo liko kwenye mafunzo ya kufundisha, yanayofuata yanabadilika. Kujenga chuo kipya si jambo la kwanza. Barabara ya Arusha hadi Moshi ina urefu wa kilomita themanini hivi, na pembeni yake au si mbali nayo vipo karibu vyote vinavyohitajika: Makumira yenye muziki, Patandi pale Tengeru yenye utaalamu wa elimu maalumu, Chuo Kikuu cha Mwenge chenye uzoefu wa kuandaa walimu wa sekondari, na vyuo vya ualimu vya Marangu, Mandaka, Singachini na Monduli. Kinachohitajika ni shule kumi au kumi na tano zilizokubaliwa rasmi kuwa mahali pa kufanyia mazoezi ya kufundisha muziki, zenye kipindi cha dakika arobaini kwenye ratiba kisichoguswa na mitihani ya majaribio, na utaratibu wa mkufunzi wa muziki wa chuo kimoja kumkagua mwanachuo wa chuo kingine. Patandi naitaja kwa makusudi. Mtoto asiyeona anaweza kuwa na sikio bora kuliko darasa zima, na asiyesikia anaipata ngoma kwa kuiwekea kiganja. Mwalimu wa muziki asiyejua kuwaingiza hao kwenye somo atawaweka kando kama nilivyomweka yule mvulana.

Mwalimu wa kwaya ana nafasi yake humo, na ni kubwa. Vyuo vinavyodai ufaulu wa somo la Muziki kidato cha nne vitakuwa vinatafuta watu ambao shule hazijawatengeneza. Afadhali viitishe majaribio: imba, soma solfa hii, tuonyeshe unavyompa mtu asiyejua nota yake. Vijana wengi wa kwaya za Machame, Kibosho na Meru wangevuka majaribio hayo kuliko wenye vyeti. Lakini wavuke waingie chuoni, wasome saikolojia ya mtoto, wasome sauti inayokua, wafundishwe kupanga hatua za somo kwa muhula mzima, wakaguliwe. Kuwapa vipindi bila kuwapitisha huko ni kuwaomba walipe kwa heshima yao kosa ambalo si lao, na watoto walipe zaidi.

Hatari nyingine iko ndani ya jina la somo lenyewe. Sanaa na Michezo limebeba kuchora, kuigiza, muziki na michezo pamoja. Mwalimu wa darasa asiyejiamini kwenye muziki atafanya anachokiweza: atatoa mpira. Hakuna atakayemlaumu, watoto watafurahi, na kwenye daftari la kumbukumbu za masomo kipindi kitaandikwa kimefundishwa.

Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kundi la mwisho la darasa la saba linamaliza. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, na baadhi yao, kama mtaala unavyowaruhusu, watataka muziki. Shahada ya ualimu huchukua miaka mitatu. Ukihesabu kurudi nyuma, mtu wa kuwapokea watoto hao anapaswa kuwa chuoni tayari, na kipindi chake cha kwanza cha muziki mbele ya watoto sabini kiwe kimeshapangiwa shule, siku, na mtu wa kukaa dawati la nyuma.